Kupima Afya Mapema Marekani: Bima Ilipe Kwanza, Pesa Isiyotozwa Kodi Ifuate

Kama unafanya kazi Marekani na una bima ya afya, vipimo vingi vya kugundua ugonjwa kabla haujaonyesha dalili umekwisha kuvilipia. Makato unayoyaona kwenye mshahara kila baada ya wiki mbili ndiyo yaliyovilipia. Vilivyobaki unaweza kuvilipia kwa pesa ambayo haijatozwa kodi. Wengi huumia kwa kukosea mpangilio: wanatoa pesa ya akiba kwa kipimo ambacho kisheria ni cha bure, kisha siku wanapohitaji kipimo kisicho cha bure, akiba imekwisha au hawakuwahi kuifungua. Viwango vilivyotajwa hapa ni vya mwaka 2026. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hubadilisha vingi kati yake kila mwaka, kwa hiyo viangalie upya kila Oktoba au Novemba, wakati wa kuchagua bima.

Anza na vilivyo bure

Sheria ya bima ya mwaka 2010, ile ambayo watu huiita Obamacare, inazitaka bima nyingi zisizo za serikali zilipie huduma za kinga bila kumdai mgonjwa hata senti. Haijalishi kama hujafikisha kile kiasi cha mwaka ambacho lazima ujilipie kabla bima haijaanza kuchangia (hapa tutakiita kiwango cha kujilipia). Kinachoamua kipimo kipi ni bure ni mapendekezo ya jopo la wataalamu wa kinga liitwalo USPSTF: kila kinachopewa alama ya A au B lazima kilipiwe chote. Kesi iliyotaka kuubatilisha utaratibu huu ilifika hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2025 mahakama iliuacha usimame.

Kwa mtu mzima, vikubwa ni hivi. Shinikizo la damu, kuanzia miaka 18. Kisukari, miaka 35 hadi 70 kama una uzito uliozidi. Saratani ya utumbo mpana, miaka 45 hadi 75: kolonoskopia (kamera inayopitishwa ndani ya utumbo) kila baada ya miaka 10, au kipimo cha kinyesi cha kila mwaka ambacho unakifanyia nyumbani na kukituma kwa posta. Mamografia (picha ya matiti) kwa mwanamke kuanzia miaka 40, kila mwaka mmoja au miwili. Saratani ya mlango wa kizazi, miaka 21 hadi 65. Picha ya mapafu ya mionzi midogo, miaka 50 hadi 80, kwa aliyevuta sigara kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 na bado anavuta, au ameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. VVU, miaka 15 hadi 65. Homa ya ini aina ya C, miaka 18 hadi 79.

Kuna viwili ambavyo aliyezaliwa Afrika Mashariki au Kongo asiondoke kliniki bila kuvidai, kwa sababu daktari wa Marekani mara nyingi havikumbuki. Cha kwanza ni homa ya ini aina ya B. Kinapendekezwa kwa kila aliyezaliwa katika nchi ambako ugonjwa huu umeenea, na nchi zetu zimo. Mtu anaweza kukaa nao miaka 30 bila dalili huku ini likiharibika. Cha pili ni kifua kikuu kilicholala mwilini. Kwa hiki, omba kipimo cha damu badala ya kile cha kuchomwa sindano chini ya ngozi ya mkono. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na chanjo hiyo huweza kuifanya ngozi ivimbe hata kama huna kifua kikuu. Kipimo cha damu hakichanganywi na BCG, kwa hiyo kitakuepusha na miezi ya dawa usizozihitaji.

Kabla ya kuweka miadi, hakikisha bima yako ni ya aina inayobanwa na sheria hii. Bima za muda mfupi hazibanwi. Mipango ya kuchangiana matibabu inayoendeshwa kwa misingi ya dini nayo haibanwi, kwa sababu kisheria si bima. Wengi huingia humo kwa ajili ya bei nafuu, kisha wanashangaa kutumiwa bili ya mamografia. Pia kituo lazima kiwe ndani ya mtandao wa bima yako. Nje ya mtandao, ubure unakufa.

Bili huharibikia wapi

Ubure wa kipimo unategemea msimbo (code) ambao kliniki inauandika kwenye dai la malipo. Kipimo kilekile, kwa mashine ileile, ni cha bure kikiandikwa kuwa cha kinga, na kinaangukia kwenye kiwango chako cha kujilipia kikiandikwa kuwa cha kutafuta chanzo cha dalili. Ukimwambia mpokezi kwamba unataka kolonoskopia kwa sababu tumbo linauma, umekwisha kukitoa kwenye kinga. Usifiche dalili hata kidogo: dalili ni jambo la kutibiwa. Lakini kama huna dalili na umekuja kwa sababu ya umri tu, sema hivyo waziwazi: nimefikisha miaka 45, sina dalili, nataka uchunguzi wa kinga.

Ukipokea bili, iombe kliniki ikutajie msimbo wa sababu ya kipimo. Msimbo wa kinga kwa kawaida huanza na herufi Z. Uchunguzi wa mwaka wa mtu mzima ni Z00.00, au Z00.01 kama daktari amekuta kitu kisicho cha kawaida. Saratani ya utumbo mpana ni Z12.11, mamografia Z12.31, mlango wa kizazi Z12.4, kifua kikuu kilicholala Z11.7. Kwa kolonoskopia kuna nyongeza ya namba 33, inayoieleza bima kwamba shughuli ilianza kama ya kinga hata kama daktari alikuta kinyama na kukikata palepale. Nyongeza hiyo ikisahaulika, bima huisoma kama upasuaji na kukuletea bili. Kama hukuja na dalili yoyote, omba kliniki irekebishe msimbo na itume dai upya. Mara nyingi hilo linatosha. Bima ikikataa bado, una siku 180 tangu siku ya kukataliwa kukata rufaa ndani ya bima yenyewe, na baada ya hapo miezi minne kuomba uamuzi wa mkaguzi huru wa nje ya bima.

Bili nyingine inayowashtua watu hutokana na maongezi. Umeenda kwa uchunguzi wa mwaka, ukakumbuka goti linalouma tangu Machi, daktari akalichunguza. Hapo kliniki ina haki ya kuandika miadi miwili ndani ya moja: wa kinga bila malipo, na wa goti kwa malipo. Kama goti linaweza kungoja, liwekee siku yake. Kama haliwezi, zungumza, ila ujue bili inakuja. Uliza pia kuhusu vipimo vya damu. Daktari akiongeza vitamini D au tezi ya shingo kwa mtu asiye na dalili, hivyo havimo kwenye orodha ya bure na utavilipia.

Mawili ya mwisho hapa. Kolonoskopia inayofanywa baada ya kipimo cha kinyesi kutoa majibu mabaya nayo ni ya bure kwa bima binafsi, katika miaka ya bima iliyoanza tangu Mei 31, 2022. Wapo wanaoambiwa kwamba kipimo chao cha bure wamekwisha kukitumia. Si kweli. Na uchunguzi unaotakiwa kwa leseni ya lori, kwa kuajiriwa au kwa fomu za uhamiaji si huduma ya kinga machoni pa bima, hata kama daktari anapima shinikizo lilelile la damu.

Kama Kiingereza cha hospitali kinakupa shida, kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Omba siku ya kuweka miadi, si siku ya kufika. Usimtumie mtoto wako kutafsiri majibu ya saratani.

Akaunti ya HSA

Sasa tuje kwenye kodi. HSA ni akaunti ya akiba ya afya iliyo kwa jina lako, inayobaki kuwa yako hata ukiacha kazi. Pesa inaingia bila kodi ya mapato, inakua bila kodi, na inatoka bila kodi ikiwa imelipia matibabu. Ili uruhusiwe kuweka pesa, lazima uwe na bima yenye kiwango kikubwa cha kujilipia, angalau $1,700 kwa mtu mmoja au $3,400 kwa familia, na mpango wenyewe uwe umetajwa kuwa unafaa kwa HSA. Tangu Januari 1, 2026, mipango yote ya daraja la shaba (Bronze) inayouzwa kwenye soko la bima la serikali inakubalika. Hili ni jambo kubwa kwa madereva wa teksi na wa lori wanaojinunulia bima.

Kikomo cha kuweka kwa 2026 ni $4,400 kwa mtu mmoja na $8,750 kwa familia, pamoja na $1,000 zaidi kwa aliyefikisha miaka 55. Anachokuwekea mwajiri kinahesabiwa ndani ya kikomo hicho. Ukizidisha, IRS inatoza asilimia 6 ya kilichozidi kila mwaka hadi ukitoe. Ukigundua mapema, iandikie benki ikutolee ziada pamoja na faida yake kabla ya tarehe ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, na adhabu haitakuwepo.

Njia unayowekea pesa ina uzito. Ukiiweka kupitia makato ya mshahara, unaepuka kodi ya mapato na pia yale makato ya asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya serikali ya wazee). Ukiiweka mwenyewe kutoka benki, unarudishiwa kodi ya mapato peke yake. Chukua mfano wa mtu aliye kwenye daraja la kodi la asilimia 22 anayeweka $2,000 kwa mwaka. Kupitia mshahara anaokoa $440 na $153, jumla $593. Kwa kuweka mwenyewe anaokoa $440 tu. Aliye kwenye daraja la asilimia 12 anaokoa $393 kupitia mshahara. California na New Jersey hazitambui HSA kwenye kodi ya jimbo, kwa hiyo wakazi wa huko watapata nafuu ya kodi ya serikali kuu pekee.

Fungua akaunti mapema, hata kwa dola chache. Gharama iliyotokea kabla akaunti haijafunguliwa hailipiki kutoka humo kamwe. Iliyotokea baada ya hapo haina tarehe ya mwisho: unaweza kulipia kipimo cha leo kwa pesa ya mfukoni na kujirudishia miaka mitano baadaye, mradi risiti ipo.

Vitu vitatu vinaiua haki ya kuweka pesa, na watu huvikosea kila mwaka. Cha kwanza ni FSA ya kawaida ya mwenzi wako wa ndoa, yaani akaunti ya matibabu ya kupitia mwajiri tutakayoieleza mbele. Kwa kuwa inaweza kulipia matibabu yako pia, IRS inahesabu kwamba una bima nyingine, hata kama hujawahi kuigusa. Cha pili ni Medicare. Mwezi unaoingia, unaacha kuweka, na anayejiandikisha baada ya miaka 65 anaweza kurudishwa nyuma hadi miezi sita, kwa hiyo asimamishe michango mapema. Cha tatu ni kuwa mtu anayeweza kuandikwa kama tegemezi kwenye fomu ya kodi ya mtu mwingine.

Pesa hii itumike kwa nini? Kwa vile ambavyo jopo halijavipa A au B. Kipimo cha PSA cha tezi dume ni mfano mzuri. Kwa wanaume wa miaka 55 hadi 69 kina alama ya C, maana yake ni uamuzi wa mtu na daktari wake, kwa hiyo bima nyingi zinaweza kukudai. Wanaume weusi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani hii, na hatuoni sababu ya mwanaume wetu kuacha kuzungumza na daktari kuhusu kipimo hicho eti kwa kuogopa bili wakati ana HSA. Baadhi ya majimbo, New York likiwa mojawapo, yanalazimisha bima zilizo chini ya sheria zake zilipie PSA bila kumdai mgonjwa. Uliza kwanza. Uchunguzi wa macho na wa meno pia unafaa kulipiwa na HSA. IRS inakubali hata picha ya mwili mzima kwa mtu asiye na dalili, lakini kukubalika kwenye kodi hakukifanyi kipimo kuwa cha maana. Hakuna pendekezo la jopo linalosema mtu mwenye afya apigwe picha hiyo, na inavumbua vivimbe visivyo na madhara ambavyo vitakupeleka kwenye vipimo vingine vya pesa nyingi zaidi.

Mama yuko Tanga, mke yuko Mombasa

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa yanapotokea kwa watu wetu. HSA inaweza kulipia matibabu yako, ya mwenzi wako wa ndoa, na ya wategemezi wako kwa maana ya sheria ya kodi. Mahali pa kipimo si kizuizi. Ukiwa likizoni Dar es Salaam ukapima sukari na ini kwenye hospitali halali, gharama hiyo inakubalika. Weka risiti yenye jina lako, tarehe, aina ya kipimo, na kiasi, kisha andika kando kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Nauli ya ndege haiingii, kwani safari ilikuwa ya familia. Dawa ulizonunua huko na kurudi nazo pia kwa kawaida haziingii.

Mke au mume wa ndoa halali aliyebaki Mombasa anaingia. Sharti la uraia au ukaazi halimhusu mwenzi. Mzazi ni jambo jingine. Ili awe tegemezi, lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wa Marekani, Kanada au Mexico, na wewe umgharamie zaidi ya nusu ya maisha yake. Mama anayeishi Tanga, hata kama unampelekea pesa zote anazokula, haingii. Mama aliyekuja kwa viza ya matembezi kwa miezi mitatu haingii pia. Mzazi mwenye kadi ya kijani anayeishi nawe na kukutegemea anaingia, hata kama ana kipato kidogo cha kwake.

Ukilipia mamografia ya mama huko nyumbani kwa kadi ya HSA, kiasi hicho kinageuka kuwa pato la kutozwa kodi na juu yake adhabu ya asilimia 20. Kwa $300 na daraja la asilimia 22, unadaiwa $126. Mtumie mama pesa ya mshahara wa kawaida, kwani kipimo chake ni muhimu vilevile. Ila kadi ya HSA isihusike. Kama umekwisha kukosea bila kukusudia, iulize benki kama inapokea marejesho ya malipo yaliyofanywa kimakosa, na urudishe haraka.

Zawadi ya mwajiri na FSA

Waajiri wengi hutoa motisha kwa wanaopima. Uliza inatolewa kwa umbo gani. Kadi ya zawadi ya $200 ni mshahara machoni pa IRS: itaingia kwenye W-2 (fomu ya mwajiri ya mshahara wa mwaka) na kutozwa kodi, hata kama ofisi ya utumishi imeiita zawadi. Punguzo kwenye makato ya bima, au pesa inayowekwa moja kwa moja kwenye HSA, halitozwi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua hayo mawili. Na kama motisha inategemea matokeo, mfano uzito au shinikizo la damu kufika kiwango fulani, sheria inamtaka mwajiri akupe njia mbadala ya kuipata. Iombe kwa maandishi.

FSA ni akaunti ya mwajiri. Kikomo cha 2026 ni $3,400. Faida yake ni kwamba kiasi chote ulichoahidi kinapatikana tangu siku ya kwanza ya mwaka. Hasara yake ni kwamba kisichotumika hupotea, isipokuwa mpango ukiruhusu kuhamisha hadi $680 kwenda mwaka unaofuata. Weka kiasi unachokijua tu: miwani, meno, kipimo ulichokwisha kupangiwa.

Kukata gharama za matibabu moja kwa moja kwenye fomu ya kodi, bila HSA wala FSA, hakuwasaidii wengi. Kinachokatwa ni kile tu kinachozidi asilimia 7.5 ya pato lako, yaani kwa mwenye pato la $60,000 ni kinachozidi $4,500, na tena makato yako yote lazima yazidi punguzo la kawaida la $16,100 kwa mtu mmoja. Vipimo peke yake havitakufikisha hapo.

Wakati wa hesabu za kodi

Pesa ikiingia au kutoka kwenye HSA ndani ya mwaka, lazima ujaze Fomu 8889, hata kama hukutoa senti. Kama ulitoa pesa, benki itakutumia fomu ya 1099-SA ikionyesha kilichotoka. Kilichoingia kupitia mwajiri kipo kwenye W-2, kisanduku cha 12, herufi W. Kosa linalorudiwa kwenye ofisi za kujaza fomu ni kuandika kiasi cha herufi W kana kwamba umekiweka mwenyewe. Hapo unapunguziwa kodi mara mbili kwa pesa moja, na barua ya IRS itafuata. Uliyejiajiri unakata michango yako yote kwenye Schedule 1 ya fomu ya kodi, lakini kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 haipungui kwa ajili yake.

IRS haikuombi risiti unapotuma fomu. Inaziomba ikikukagua. Hifadhi pamoja risiti na ile karatasi ya bima inayoeleza ilicholipa na ilichokuachia, kwa sababu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba gharama haikulipwa na mtu mwingine. Risiti za mashine hufifia na kuwa nyeupe kabisa ndani ya miaka michache. Zipige picha siku hiyohiyo na uzihifadhi kwa mwaka na jina la aliyepimwa.